Kabla hujamnunulia mama vidonge vya kumbukumbu: utafiti unasema nini hasa?

Mwana wa Gikomba (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba radhi mapema kwa urefu wa maandishi haya, ila jambo lenyewe limenikaa rohoni miezi minne sasa na sioni namna ya kulieleza kwa mistari miwili.

Mama yangu ana miaka 74 na anaishi mtaa wa Jericho, Nairobi. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliuza vitambaa katika soko la Gikomba bila kuwahi kumiliki daftari la madeni: nani amechukua mita ngapi, nani amelipa nusu, nani wa kutokopeshwa tena, yote aliyaweka kichwani. Mwaka jana alianza kuuliza swali lile lile mara tatu kabla kikombe cha chai hakijaisha, na siku moja akasahau maharagwe motoni mpaka jirani akaona moshi dirishani. Dada yangu, kwa nia njema kabisa, alishuka mjini akarudi na chupa mbili za vidonge vya "kurutubisha ubongo", kila chupa shilingi 4,800. Kwa kulinganisha tu, mzee anayepokea Inua Jamii, fedha za serikali za kuwasaidia wazee, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi.

Kazi yangu ni kuhakiki takwimu za watu wengine, kwa hiyo nilifanya ninachokijua. Niliyaacha matangazo, nikasoma tafiti zenyewe.

Nilianza na chupa. Kiungo chake kikuu ni ginkgo, mti wa Kichina ambao majani yake yamesifiwa muda mrefu kwa kutunza akili. Marekani waliujaribu kwa dhati: watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa ginkgo mara mbili kwa siku, nusu vidonge visivyo na dawa yoyote, wala mgonjwa wala daktari wake hakujua nani anameza nini. Wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalipotoka mwaka 2008, waliopata demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, katika kundi la ginkgo walikuwa 277, na katika kundi la vidonge vitupu walikuwa 246. Sisemi ginkgo inaleta ugonjwa, kwa maana tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu. Nasema haikuzuia, na aliyeiuza kwa shilingi 4,800 alikuwa na zaidi ya miaka kumi na mitano ya kuyasoma matokeo hayo.

Kilichonivutia kuliko vyote ni utafiti wa Finland uitwao FINGER, ulioongozwa na Profesa Miia Kivipelto na kuchapishwa mwaka 2015. Walichukua watu 1,260 wenye miaka 60 hadi 77 ambao walikuwa hawajaugua lakini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Kundi moja lilipewa ushauri wa kawaida wa afya. Kundi la pili kwa miaka miwili lilipewa mambo manne kwa pamoja: mwongozo wa chakula (samaki wakiwemo), mazoezi ya viungo, mazoezi ya akili, na ufuatiliaji wa karibu wa presha, sukari na mafuta ya damu. Mwishoni, alama za jumla za akili zilipanda kwa makundi yote mawili, ila kundi la pili lilipanda kwa asilimia 25 zaidi.

Hapo ndipo magazeti mengi huishia. Ukisoma mpaka jedwali la ndani, utaona kwamba faida ilikuwa katika uwezo wa kupanga mambo na katika kasi ya kufikiri. Katika kumbukumbu yenyewe, ile tunayoililia sote, tofauti kati ya makundi haikuwa ya kutegemewa. Mimi sioni hilo kuwa dosari ya utafiti, kwa sababu anayeweza kupanga siku yake bado anaweza kuishi peke yake hata akisahau majina ya wajukuu. Hata hivyo ni vizuri mtu ajue anachoahidiwa.

Wamarekani nao walirudia wazo hilo kwa watu 2,111, na matokeo yakatoka Julai 2025. Wao walilinganisha programu mbili, moja yenye ratiba kali na mikutano 38 ya kundi katika miaka miwili, na nyingine nyepesi yenye mikutano sita ambapo kila mtu alijipangia mwenyewe. Makundi yote mawili yaliboreka. Lenye ratiba kali liliboreka zaidi, lakini kwa tofauti ndogo mno, na kwa kuwa hapakuwa na kundi lililoachwa bila chochote, huwezi kujua ni kiasi gani cha maendeleo hayo kilitokana na kuuzoea mtihani.

Swali langu kwenu ni hili: katika haya yote, lipi linaweza kufanyika Jericho, kwa mama ambaye hana mkufunzi wa mazoezi wala samaki wa bahari baridi, na ambaye ana ngazi za orofa tatu na kanisa siku ya Jumapili?

Nesi Mstaafu

Mwanangu, umeandika vizuri, ila umempita mtu muhimu mlangoni ukaenda kusalimia wageni wa Finland. Presha ya mama ni ngapi?

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, sehemu kubwa katika zahanati za Eastlands, na nakuambia wazee wetu wengi hunywa dawa ya presha kama wanavyokunywa dawa ya kichwa: kikiuma wanameza, kikitulia wanaweka akiba. Presha haina adabu hiyo. Haiumi, na wakati haiumi ndipo inapokwangua mishipa midogo ya ubongo.

Kuna utafiti wa Marekani uitwao SPRINT ambao uliwahusisha watu zaidi ya 9,300 wa miaka 50 na kuendelea, wenye presha lakini wasio na kisukari. Kundi moja lilitibiwa mpaka kipimo cha juu kishuke chini ya 120, jingine chini ya 140. Majibu ya upande wa akili yalitoka mwaka 2019: katika kundi la kwanza, waliofikia hatua ya kudhoofika akili, ile inayotangulia demensia, walipungua kwa asilimia 19. Demensia yenyewe nayo ilipungua, ila si kwa kiwango cha kuwaridhisha wanatakwimu kama wewe, kwa sababu matibabu yalisitishwa mapema baada ya kuonekana kwamba yanaokoa mioyo.

Unaotuhusu zaidi sisi ni wa China, vijijini. Vijiji 326, watu karibu 34,000. Katika nusu ya vijiji hivyo, matibabu ya presha yaliachwa mikononi mwa wahudumu wa kijiji ambao si madaktari kamili. Wakafundishwa, wakapewa utaratibu wa dawa za bei nafuu, wakawa wanawafuatilia watu nyumbani. Baada ya miaka minne, demensia ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 katika vijiji hivyo kuliko vingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2025. Sasa jiulize: sisi tangu 2023 tuna wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na kwenye mikoba yao mna mashine ya presha. Yule wa mtaa wenu amewahi kupanda hizo orofa tatu?

Na akipanda, msimharakishe. Mama akae kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asiongee. Nimeona watu wakipimwa huku wanasimulia mambo ya chama, halafu wanaongezewa dawa kwa sababu ya uhondo.

Mpiga Drafti

Nawasoma kwa makini. Naomba niulize kwa niaba ya wazee wa Kaloleni, namaanisha Kaloleni ya hapa Nairobi, ambao kila jioni hucheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya mti. Watu husema michezo inanoa akili. Je, ni kweli, au ni faraja ya watu ambao wameshastaafu na hawataki kuitwa nyumbani?

Mwana wa Gikomba

Mpiga Drafti, jibu lake halijanyooka kama mstari wa ubao wako.

Kuna utafiti mkubwa wa mazoezi ya akili uitwao ACTIVE, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani kwa watu 2,802 wenye miaka 65 na zaidi. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kukumbuka, la pili mbinu za kufikiri kwa mantiki, la tatu kasi ya kutambua vitu kwenye kompyuta, na la nne halikufundishwa chochote. Mafunzo yalikuwa vipindi kumi tu, kila kimoja cha saa moja hivi. Kila kundi likawa bora katika kile kile lilichofundishwa, na si katika vingine. Aliyejifunza kukumbuka orodha alikumbuka orodha, lakini hakufikiri haraka zaidi. Baada ya miaka kumi faida ya mantiki na ya kasi ilikuwa bado inaonekana, ila ya kumbukumbu ilikuwa imefifia.

Kwa hiyo ningesema kwamba miaka ishirini ya drafti humfanya mtu kuwa hodari wa drafti. Lakini wazee wako hawachezi drafti tu. Wanatembea mpaka kwenye mti, wanabishana, wanataniana, wanajua nani hajaonekana leo na wanatuma mtu kumwangalia. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet inayoongozwa na Profesa Gill Livingston ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayochangia demensia ambayo yanaweza kurekebishwa, na upweke ni mojawapo. Mwaka 2017 orodha hiyo ilikuwa na mambo tisa, mwaka 2020 ikawa na 12. Safari hii waliongeza kutibu macho mabovu na kudhibiti mafuta mabaya ya damu, na wakakadiria kwamba yote 14 yakiondolewa, karibu asilimia 45 ya visa vya demensia vingezuilika au kucheleweshwa. Hayo ni makadirio ya dunia nzima, si ahadi kwa mtu mmoja. Mama mmoja hawezi kuzuiliwa asilimia 45 ya ugonjwa.

Nesi, asante. Nakiri kwa aibu kwamba sijui presha ya mama, na kitabu chake cha kliniki sijakiona tangu mwaka juzi.

Mwalimu wa Lugha

Niongeze jambo ambalo sisi Wakenya tumelikalia bila kujua thamani yake. Mwaka 2013 watafiti wa Hyderabad, India, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 648 wa demensia, wakaona kwamba wale waliozoea kuzungumza zaidi ya lugha moja walianza kuonyesha dalili kwa wastani wa miaka minne na nusu baada ya wale wa lugha moja. Uzuri wa utafiti huo ni kwamba tofauti hiyo ilionekana hata kwa wale ambao hawakuwahi kukanyaga darasa, kwa hiyo haikuwa rahisi kusema kwamba ni elimu iliyojificha nyuma ya lugha.

Mama wa Gikomba anayenunua kwa Kiswahili, anayesali kwa lugha ya nyumbani, anayepunguza bei kwa lugha ya mteja na kusengenya kwa lugha ambayo mteja haijui, huyo amekuwa akifanya mazoezi ya akili maisha yake yote bila kulipia.

Msaidizi wa Nyanjani

Mwalimu, nakubaliana nawe kwa nusu. Uchunguzi wa Hyderabad ulitazama watu waliokwisha kufika kliniki. Haukumgawia mtu lugha kwa bahati nasibu, na hauwezi. Tena hapa Nairobi, ambako karibu kila mtu ana lugha mbili au tatu, ungempata wapi wa kumlinganisha naye?

Ila nimeingia kwa sababu nyingine. Nimefanya kazi ya kuwahoji wazee katika miradi kadhaa ya utafiti, na ningependa tuzungumzie vipimo, maana takwimu zote mnazozitaja zinasimama juu ya karatasi ya maswali. Karatasi nyingi zilitungwa kwa watu waliosoma. Mzee anaambiwa anakili mchemraba kwa penseli, na penseli hiyo ndiyo ya kwanza kushika tangu mwaka 1961. Akishindwa, anaandikiwa kwamba ubongo umepungua.

Mwana wa Gikomba, mama alipimwa vipi?

Mwana wa Gikomba

Umenigusa pabaya. Alipimwa katika kliniki moja ambayo sitaitaja, na kijana mmoja mpole aliyekuwa akitafsiri papo hapo kutoka kwenye karatasi ya Kiingereza. Nilikuwa nimekaa pembeni. Alimwambia mama achore uso wa saa, na mama akachora duara zuri na tarakimu zote mahali pake. Kisha akamwambia aweke mishale ionyeshe "saa kumi na moja na dakika kumi". Mama akaweka mshale mfupi kwenye tano na mrefu kwenye mbili. Kijana akatikisa kichwa, akaweka sifuri.

Ilinichukua mpaka tumefika Donholm ndani ya matatu kung'amua kilichotokea. Karatasi ilitaka mshale mfupi uelekee kumi na moja, ambayo kwetu ni saa tano. Kijana alitafsiri tarakimu badala ya wakati, na mama, ambaye amesoma saa kwa Kiswahili tangu utotoni, alijibu sawasawa swali aliloulizwa. Akapoteza alama ya mshale, akafadhaika, na maswali yaliyofuata yote akayajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa.

Msaidizi wa Nyanjani

Hilo la saa nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na ukosefu wa tafsiri iliyohakikiwa mapema ndio chanzo chake. Siku hizi miradi makini hutafsiri, kisha mtu mwingine anarudisha tafsiri hiyo kwenye lugha ya asili bila kuona ile ya kwanza, halafu inajaribiwa kwa wazee wenyewe kabla ya kazi kuanza.

Habari njema ni kwamba kuna kipimo kilichozaliwa karibu nasi. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, chini ya Kilimanjaro, watafiti walifanya sensa ya demensia kwa watu wa miaka 70 na zaidi, wakapata kwamba inawapata kama asilimia 6.4, na kutokana na kazi hiyo wakatengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika. Mzee anasomewa maneno kumi na baadaye anaulizwa anayoyakumbuka. Anaulizwa daraja ni nini. Anaombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Halafu linakuja la kiberiti: mhoji anapanga njiti kwa umbo fulani mezani, naye mzee anapewa njiti zake apange umbo lile lile, vichwa vya njiti vikielekea upande uleule.

Nililipenda hilo la kiberiti kuliko yote. Nimewahi kumwona bibi wa miaka 80 na zaidi, mikono inatetemeka, anaigeuza njiti ya mwisho mara tatu kwa sababu kichwa chekundu kilikuwa upande usiofaa. Hakuna aliyemwambia, aliona mwenyewe.

Na kwa wale wanaodhani kwamba matokeo ya Ulaya na Marekani yatahamia kwetu kama yalivyo, kuna somo la Ibadan, Nigeria. Watafiti waliwafuata Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis kwa njia ileile, na mwaka 2001 wakatangaza kwamba kwa mwaka mmoja demensia mpya iliwapata asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan, dhidi ya asilimia 3.24 wa Indianapolis. Asili ya damu inakaribiana, maisha ni tofauti, na maradhi yanatofautiana zaidi ya mara mbili. Wazee wa Ibadan walikuwa pia na presha, sukari na mafuta kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wa Marekani. Ukitazama sahani zetu za chipsi na soda, huna budi kujiuliza kama Nairobi ya leo iko karibu na Ibadan ya wakati ule au na Indianapolis.

Kuhusu utafiti wa hapa kwetu, FINGER sasa ina mtandao wa dunia ulioanzishwa mwaka 2017, na mkono wake wa Afrika uitwao AFRICA-FINGERS unashughulikiwa na Chuo Kikuu cha Aga Khan hapa Nairobi pamoja na washirika wengine. Wazo lao ni kutengeneza upya yale mambo manne yaendane na chakula chetu, mazoezi yetu na namna tunavyoishi, badala ya kututumia mapishi ya samaki wa Finland. Matokeo yake nayasubiri kwa hamu.

Mama Watatu

Samahani, swali fupi. Je, multivitamini za kawaida, si zile za shilingi 4,800, nazo ni bure?

Mwana wa Gikomba

Dada, hapo lazima niwe mwadilifu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilisema vitamini B na E, mafuta ya samaki na mchanganyiko wa virutubisho visipendekezwe kwa lengo la kuzuia demensia. Baada ya hapo, mwaka 2022, utafiti wa Marekani wa watu 2,262 wenye miaka 65 na zaidi uliona kwamba waliomeza multivitamini kila siku kwa miaka mitatu walipata alama bora kidogo za akili kuliko waliomeza vidonge vitupu, hasa wale wenye ugonjwa wa moyo. Katika utafiti huohuo dondoo la kakao halikusaidia kitu. Kwa hiyo multivitamini ya kawaida haijafungiwa mlango, ila faida yake ni ndogo, na sijaona ushahidi kwamba inazuia ugonjwa wenyewe. Kama pesa ni ile ile, mimi ningenunua kwanza dawa ya presha.

Jirani wa Makadara

Mmezungumza mengi, na hakuna aliyetaja masikio.

Baba yangu, Mungu amrehemu, tulimwita msahaulifu miaka miwili. Unamwambia leteni mwiko, analeta kiko. Tukicheka, anacheka nasi, na baadaye akaacha kukaa sebuleni kabisa, akawa anakaa na redio yake chumbani. Mwishowe binamu yangu mmoja akampeleka kupimwa masikio, ikaonekana anasikia sauti nene tu. Hizi nyembamba, s na t na f, zilikuwa zimeondoka. Alikuwa hasahau. Mengi hakuwahi kuyasikia. Huwezi kukumbuka neno ambalo halikuingia.

Nimeona kwamba upotevu wa usikivu umo katika ile orodha ya mambo 14. Je, kuna aliyejaribu kuwapa wazee mashine za masikio akaona kama akili inatunzika?

Msaidizi wa Nyanjani

Ndiyo, na majibu yake ni ya kusomwa polepole. Utafiti wa ACHIEVE wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2023, uliwachukua watu 977 wa miaka 70 hadi 84 wenye usikivu hafifu. Nusu wakapewa mashine za masikio na ushauri wa kuzitumia, nusu wakapewa elimu ya kawaida ya afya. Baada ya miaka mitatu, ukiwatazama wote pamoja, hapakuwa na tofauti. Lakini washiriki walikuwa wa aina mbili: wengi walikuwa watu wenye afya nzuri waliojitolea kupitia matangazo, na 238 walitoka katika utafiti wa zamani wa moyo, wakiwa wazee zaidi na wenye maradhi zaidi. Katika hao 238, kushuka kwa akili kulipungua kwa asilimia 48.

Kuna wanaosema hiyo ni bahati ya kukata keki vipande mpaka upate chenye zabibu. Mimi naona ina mantiki, maana mwenye afya njema hashuki sana katika miaka mitatu, hivyo huna cha kumzuia asikipoteze. Shida yetu ni kwamba mashine zenyewe ni ghali na betri zake huisha. Lakini kabla ya kufika kwenye mashine, kuna hatua ambayo haigharimu sana, nayo ni mtu kutazamwa ndani ya sikio.

Nesi Mstaafu

Na asitumie pamba za vijiti, tafadhali. Wala ufunguo. Nimetoa funguo.

Mwana wa Gikomba

Wanajukwaa, narudi baada ya wiki tatu.

Mhamasishaji wa afya wa mtaa wetu alipanda. Ni mama wa makamo aliyemjua mama tangu sokoni, na alimkalisha dakika tano kama Nesi alivyosema. Kipimo kilikuwa 168 kwa 94. Alirudia baada ya siku mbili, kikawa 164 kwa 92. Kumbe dawa alikuwa anazo, kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati, ameziweka akiba. Daktari amempangia upya kidonge kimoja cha asubuhi, nasi tumekiweka karibu na majani ya chai, kwa sababu chai hajawahi kuisahau. Jumapili iliyopita ilikuwa 146 kwa 86. Bado, lakini inashuka.

Sikio la kushoto lilikuwa limeziba kwa nta kabisa. Lilisafishwa kwa maji ya uvuguvugu katika kliniki ya masikio, na jioni ile ile mama akaingia sebuleni akauliza ni nani ameweka televisheni kwa sauti kubwa namna ile. Ni yeye.

Sitadanganya kwamba kila kitu kimerudi. Bado ananiuliza swali moja mara mbili, ingawa ya tatu imekuwa adimu, na wiki tatu za mtu mmoja si utafiti. Jana nilimpangia njiti za kiberiti mezani kwa mzaha. Alizipanga sawasawa, vichwa na yote, kisha akaniuliza kama sina kazi ya kufanya.

Swali langu la mwisho ni kwa Msaidizi wa Nyanjani. Nikitaka kumpima tena kwa haki, nisubiri muda gani?

Msaidizi wa Nyanjani

Miezi sita, ndugu yangu, na presha iwe imetulia kwanza. Apimwe asubuhi akiwa ameshakula, awe na miwani yake, apimwe kwa Kiswahili na mtu aliyefunzwa kipimo hicho. Wewe usimpime, maana utamsaidia kwa macho bila kujua. Na njiti hizo usimpangie tena mpaka siku hiyo ifike, la sivyo tutakuwa tunapima mazoezi.